Kamera Niliyokupa Mbele ya Watu

Kolwezi, Manika, mwisho wa kiangazi

Wivine, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Mko namna gani huko Kasaji? Mumeo Muteba amepata nafuu ya ule mgongo uliomshika wakati wa kuvuna mihogo? Mama mkwe wako bado ana nguvu za kwenda sokoni? Wasalimie wote, kila mmoja kwa jina lake, na ufanye hivyo kabla hujaendelea kusoma, maana ukifika mwisho huenda usiwe tena na hamu ya kupeleka salamu zangu kwa mtu yeyote.

Sisi hapa tunapumua. Mvua haijaanza, na vumbi la malori ya madini limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa usipofunika ndoo. Umeme unakuja unapotaka. Princesse mke wangu anaendelea na biashara yake ya unga, ingawa mimba sasa inaonekana na ngazi za sokoni zinamchosha. Shangazi yetu, Tantine Laure, bado anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama, na bado anagombana na kila mwalimu wa kwaya anayeletwa. Hakuna aliyelazwa hospitali, hakuna msiba. Kwa upande huo namshukuru Mungu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti kwenye simu. Nilijaribu sauti. Kila nikifika mahali fulani nilikuwa nafuta na kuanza upya, mpaka nikachoka kujisikia. Tena unaona naandika Kiswahili kile cha Biblia, ambacho baba yetu, marehemu tata Henri, alitulazimisha kusoma mezani kabla ya kula. Kile chetu cha kila siku kinanivuta kwenye utani, nami sitaki kujificha ndani ya utani.

Kwanza nikujulishe kwamba mashine ya kushona imefika salama. Philippe, yule dereva wa lori la mahindi, aliipakua mwenyewe mbele ya nyumba, imefungwa kwa blanketi na kamba za baiskeli. Aliniambia, "Tata Mpoyi, dada yako alisema nikupatie hii mu mikono, hapana kwa muntu mwingine." Mimi nilidhani ni mihogo mikavu. Princesse akafungua kamba, na pale pale mbele ya majirani ikatokea mashine ya mama, ile aliyotushonea sare za shule, yenye gurudumu lililochubuka rangi. Philippe alisema ulisimama kando ya lori mpaka alipowasha injini. Kisha akatoa ujumbe wako: niipokee mahali pa kamera ya ukoo uliyoiharibu, na unajua haitoshi, lakini huna kitu kingine.

Majirani walikusifu. Princesse alishika gurudumu, akasema hajawahi kuona mtu mwenye roho safi namna hiyo, kwamba wengine wangejificha huko Kasaji na kunyamaza. Mimi nilisema nakwenda kuangalia maji, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya rundo la matofali. Maji yalikuwa yanatoka bombani kama kawaida. Sikuwa na kitu cha kuangalia. Nilikuwa nakimbia blanketi lako.

Ndiyo sababu naandika. Mengi ya haya unayajua, lakini unayajua kwa upande wako tu. Leo nataka uyasikie kwa upande wangu, na unisomee mpaka mwisho hata kama utakasirika katikati.

Unakumbuka tulivyoanza kazi, baada ya kifo cha tata. Nilinunua ile kamera Lubumbashi, tukaenda kukaa kando ya barabara ya Mashamba, mahali vijana wachimbaji wanapopita wakitoka mashimoni. Kila kijana alitaka foto ya kumtumia mama yake, mama wa huyu yuko Kananga, wa yule Bukavu, mwingine hajui hata kama mama bado yuko kijijini kwao. Mimi nilikuwa napiga haraka ili nipate wengi. Wewe ukaleta beseni la maji na kitambaa. Ulimngoja kila mmoja anawe uso, ukamuuliza jina la mama yake, na alipokuwa analitamka ndipo ulipobonyeza. Mimi niliona unapoteza wakati. Lakini baada ya muda wakawa wanafika, wanachungulia nyuma yangu, wanauliza, "Mama Wivine iko? Haiko? Basi tutarudia." Nikawa nacheka na kuwaambia wateja kwamba dada yangu ana bahati.

Mahali pale palikuwa na vumbi la kuua kamera. Unajua sasa, lakini wakati ule hukujua, kwamba kamera kama ile ina milango miwili, na mlango ndio wanaouita obturateur. Wa kwanza ni wa chuma: mabati membamba kuliko ngozi ya kitunguu, yanayopita mbele ya jicho la kamera kila unapopiga, ndiyo yale unayoyasikia yakilia kacha. Wa pili ni wa umeme. Huo hauna bati, hausogei, haulii. Jicho lenyewe linaambiwa lione, kisha linaambiwa liache kuona.

Huko sokoni, kwenye kibanda cha Omer fundi wa simu na kamera, wapiga foto wa mji walikuwa wanabishana juu ya milango hiyo kama watu wanavyobishana juu ya mpira. Wengine walisema wa chuma ndio unaodumu, kwa sababu ukiharibika fundi anaweza kuufungua na kuubadilisha. Wengine walisema wa chuma umehesabiwa siku zake tangu kiwandani, kila kacha inaupunguzia maisha, na hasa kwa vumbi letu hili. Wa umeme hauna kinachosuguana, kwa hiyo hauna cha kuisha. Omer alikuwa anawasikiliza huku amebana bisibisi mdomoni. Siku moja akasema wote wana haki. Wa umeme hauliki kwa kazi, alisema, lakini kuna foto usizoweza kuzipata kwa huo peke yake, na siku ubao wa ndani ukiungua, unatupa kamera nzima. Mimi nilijifunza maneno yote ya pande zote mbili. Ona nilivyokuja kuyatumia.

Muteba alipokuja kukuposa, nilimpenda tangu siku ya kwanza, na hilo si uongo. Tulijua utahamia Kasaji kwa wakwe. Tantine Laure ndiye aliyekumbusha watu, tukiwa mezani, kwamba nilikuwa nimeahidi zamani: siku nitakayopata kamera mpya, hii itakuwa yako, kwa sababu uliifanyia kazi sawa na mimi. Na kamera mpya nilikuwa nimekwisha kuipata. Tantine akasema itolewe siku ya kukuaga, mbele ya watu wa kanisa na mbele ya wakwe, wajue kwamba hawaoi mtu asiye na kazi yake.

Siku ile unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Mchungaji aliweka mkono juu ya kamera, akaiombea. Nilisema maneno mengi. Nilisema hii ni kamera ya ukoo, ndiyo iliyotulisha tangu tata alipotuacha, na anayeipokea anapokea sufuria ya nyumba nzima. Akina mama wakapiga vigelegele, Tantine akacheza, baba mkwe wako akanishika mkono kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka, na watu wakasema, ona namna anavyompenda dada yake.

Kisha nikakuvuta kando, karibu na lango. Nikakufundisha ile habari ya milango miwili. Nikakuambia, "Wa chuma uache ulale. Tumia wa umeme siku zote, huo hauzeeki. Ukifanya hivyo kamera itakuzika." Nikakuonyesha kwamba nimekwisha kuipanga, na kwamba nimebandika kipande cha plasta juu ya kitufe cha kuamsha ule wa chuma ili usikiguse kwa bahati mbaya. Ulinishukuru. Ulisema kwamba ndugu wengine hutoa kitu bila kueleza namna ya kukitunza.

Ukaenda. Ukaanza vizuri. Ulinitumia foto za wazee wa Kasaji, za wanawake sokoni na baiskeli zao zilizopakia makaa, na zile foto zilikuwa nzuri, Wivine. Sikukuambia vizuri wakati ule. Nilijibu kwa ile alama ya kidole gumba kwenye simu tu.

Halafu ukanitumia foto ya treni. Ulikuwa umesimama karibu na reli, mabehewa yakipita kwa kasi, na kwenye foto mabehewa yote yalikuwa yamelala upande, yameinama kama yanataka kuanguka, huku miti nyuma yake imesimama wima. Ukaniuliza kwa sauti, ukiniita yaya kama kila mdogo wa kwetu anavyomwita kaka yake, nami nayasikia maneno yako hata sasa: "Yaya, train inainama juu ya nini? Ni mikono yangu, ao?"

Mimi nilijua. Kila mpiga foto anayekaa kwenye kibanda cha Omer anajua. Mlango wa umeme hauoni kitu chote kwa mara moja. Unaona mstari kwa mstari, toka juu mpaka chini, na kitu kinachokwenda mbio kinakuwa kimekwisha kusogea kabla haujafika chini. Si mikono ya mtu yeyote. Ningekuambia, ungeuliza swali la pili: kwa nini basi nisitumie wa chuma kwa vitu vinavyokimbia? Kwa hiyo nikakujibu kwamba ni mikono. Nilisema unatikisika, ufanye mazoezi, ushikilie kiwiko chako kwenye ubavu. Ukasema asante, yaya. Baadaye Muteba aliniambia kwenye simu, akicheka, kwamba umekuwa unasimama uani asubuhi umeshika kamera bila kupiga, unafundisha mikono yako kutulia. Nami nilicheka pamoja naye.

Ikaja ile arusi ya binti wa mkuu wa stesheni. Yaliyotokea pale uliniambia mwenyewe katika sauti ile ndefu, na kwa sababu ulikuwa unalia ilinibidi niisikilize tena ili nielewe mfuatano. Kanisani kila kitu kilikwenda vizuri. Mchana mlipoingia ukumbini, madirisha yalikuwa yamefunikwa vitambaa, na ndani waliwasha zile taa za LED za rangi kwa nguvu ya jenereta. Foto zako zikaanza kutoka na mistari myeusi imepita juu ya watu wote, juu ya shela ya bibi arusi, juu ya uso wa mama yake. Mjomba wa bibi arusi akachungulia kioo cha kamera yako, akasema kwa sauti kwamba heshima ya familia imekabidhiwa mtu asiyejua kazi. Ukajaribu flashi, ikakataa kuwaka. Kijana mmoja mgeni, aliyetoka Dilolo na kamera yake ndogo, akakuambia kwa wema kwamba flashi haifanyi kazi na mlango wa umeme, itabidi uamshe ule wa chuma. Ukakumbuka maneno yangu. Ulisema ulisita. Halafu maharusi wakasimama kukata keki, watu wakakugeukia, ukabandua plasta.

Ulisikia kitu kikilia ndani, si kacha, bali kama msumari kwenye sahani. Na baada ya hapo foto zote zikawa nyeusi. Ulirudisha wa umeme, bado nyeusi. Ulizima, ukawasha, ukatoa betri, ukapuliza. Bibi arusi alisimama na kisu mkononi, anakungoja wewe. Wengine wakatoa simu zao, wakapiga vile walivyoweza. Ulisema kilichokuumiza zaidi hakikuwa kelele za mjomba. Ni mama mkwe wako aliyesimama, akakutoa ukumbini kwa mkono kama mtoto, huku akiomba watu radhi. Siku iliyofuata ulikwenda na Muteba kwa mkuu wa stesheni, ukapiga magoti kwenye sementi. Na Muteba, ambaye alikutetea mbele ya wazazi wake tangu mwanzo, njiani kurudi akakuambia kwa upole kwamba afadhali uache foto, ulime na wengine.

Mwishoni mwa sauti ile ulisema, "Yaya, mi njo niliua apareyi ya ukoo. Uliniambia nisiguse, na nikagusa. Unisamehe."

Mimi sikujibu siku ile. Nilimpelekea Tantine Laure simu, asikilize mwenyewe. Alikuja hapa nyumbani na watu wachache wa ukoo, wakakaa. Tantine alikasirika sana; unajua anavyopenda jina la nyumba yetu. Alisema, "Ule mutoto, tangia butoto anapasulaka bitu. Masahani, magilasi, sasa apareyi ya tata yake." Nilijua kamera haikuwa ya tata. Nilijua pia kwamba katika utoto wetu mvunja masahani nilikuwa mimi. Alisema lazima ujibu kwa hasara hiyo, usidekezwe. Akaniuliza mimi kama mwenye kitu nasemaje. Nikasema tumwachie tu, ni dada yangu, mimi nimemsamehe. Watu wakaniangalia kwa heshima. Wivine, nilikusamehe mbele ya watu, na nikapokea heshima yao. Tantine hakuridhika, akakutumia ule ujumbe mkali, na kutoka kwenye ujumbe ule ndipo mashine ya mama ikapanda lori.

Sasa nimefika mahali pale nilipokuwa nafuta sauti.

Kamera ilikuwa imekufa kabla sijakupa.

Muda mfupi kabla ya sherehe ya kukuaga, foto zangu zilikuwa zimeanza kutoka na kivuli upande mmoja. Niliipeleka kwa Omer. Akaifungua, akamulika tochi, akaniita niangalie mwenyewe. Bati moja la mlango wa chuma lilikuwa limetoka kwenye pini yake na kupinda, na vumbi la Mashamba limejaa pembeni. Aliniambia hivi: "Hii ya mécanique imekwisha, tata Mpoyi. Tumia ile ya électronique tu. Siku utaamusha ya chuma, bati itaanguka, itafunga jicho, na yote mbili itakuwa imekufa. Na usiuzishe kwa muntu bila kumwambia." Kifaa cha kubadilisha kingeweza kuagizwa, lakini kingechelewa, na siku ya kukuaga ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani.

Sikuuza. Nimejifariji kwa neno hilo tangu wakati ule: sikumuuzia mtu, nilitoa zawadi. Ile plasta niliibandika ili usijue. Maneno yale ya lango, kwamba wa umeme hauzeeki, yalikuwa ya kweli moja kwa moja, na niliyatumia kufunika uongo. Ningeweza kukuambia kamera ni mbovu, tungoje. Ningeweza kukupa mpya, nikabaki na ile mimi ninayejua ugonjwa wake. Niliwaza hilo, hata nikaziweka zote mbili kitandani, moja huku, nyingine huku. Nikachukua mpya nikairudisha kabatini.

Kuna jingine, na hili hata Princesse sijamwambia kwa maneno yote. Wale vijana wa Mashamba, kila walipouliza kama upo, walinichoma. Nilikuwa mkubwa, kamera ilikuwa yangu, nilikuwa nimesomea kazi ile Lubumbashi, na mtoto mwenye beseni la maji alikuwa ananizidi. Ulipoondoka nilidhani wateja watarudi kwangu. Waliendelea kuuliza habari zako. Kwa hiyo ile siku uliponitumia treni iliyoinama na kuniuliza kama ni mikono yako, nilisikia utamu ndani ya kifua. Mtu aliyekuwa na mikono bora kuliko yangu alikuwa ananiuliza kama mikono yake ni mibaya, na mimi nikamwambia ndiyo. Sina haya kubwa kuliko hiyo. Ya kamera ilikuwa woga. Hiyo ya mikono ilikuwa ubaya mtupu.

Mikono yako haina kosa. Haikuwa na kosa kwenye treni, wala ukumbini kwenye zile taa, wala ulipobandua plasta. Yule kijana wa Dilolo alikushauri sawasawa. Ulifanya kile ambacho mpiga foto mzuri angefanya, kwenye kamera ambayo kaka yako aliijua kuwa ni maiti.

Jumapili baada ya ibada niliwaita Tantine na wale wale waliokuja mara ya kwanza. Mashine ya mama nilikuwa nimeiweka katikati ya chumba. Niliwaeleza habari ya Omer, ya plasta, ya uongo wa treni. Nilidhani Tantine atapiga kelele, na nilizitamani kelele hizo. Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitambaa chake kwa muda mrefu, halafu akauliza kama bado una namba ile ile ya simu. Nilimwomba asikupigie kabla ya barua hii kufika, akakubali, lakini aliondoka bila kula. Princesse ndiye aliyesema. Alisimama mlangoni ameshika tumbo lake, akaniuliza, "Ulimuacha apige magoti, na ulikuwa unajua?" Nilisema ndiyo. Tangu hapo ananipikia, anafua nguo zangu, lakini akiongea na mimi anaangalia ukuta. Sijamlaumu.

Philippe anaondoka na lori kesho, na atakukabidhi vitu viwili pamoja na barua hii. Mashine ya mama inarudi kwako, na Tantine amesema itabaki kwako, hakuna wa kuidai. Kitu cha pili ni kamera yangu, ile mpya. Haina plasta. Milango yote miwili ni mizima. Omer ameikagua mbele yangu na mbele ya Princesse. Ukiwa na jua la kutosha na watu waliotulia, tumia wa umeme. Kwenye taa za ukumbi, kwenye flashi, kwenye treni, tumia wa chuma bila huruma, hata kama unalika, kwa sababu umetengenezwa ulike. Hayo ndiyo maneno niliyopaswa kukuambia langoni. Ile iliyokufa uitunze au uitupe, ni juu yako. Mimi kwa sasa nimeomba kazi ya kuchapisha foto kwenye studio moja karibu na posta, na nimekubaliwa.

Sikuja mwenyewe na lori hili kwa sababu sikutaka nikutokee ghafla mbele ya wakwe, ukalazimika kunikaribisha na kunipikia kabla hujajua. Nimetaka uwe umesoma, umelia au umetukana, umelala, kisha uamue. Ukisema nisije, sitakuja, na Muteba utamwonyesha barua hii wewe mwenyewe. Ukikubali, nitapanda na Philippe safari ifuatayo. Nitakwenda kwa mumeo, kwa mama mkwe wako aliyekushika mkono, kisha kwa mkuu wa stesheni na kwa mjomba yule, na nitawaambia haya yote kwa mdomo wangu, na nitapiga magoti palepale. Kama maharusi watapenda kuvaa tena nguo zao, utawapiga foto wewe, mimi nitabeba taa.

Jambo moja tu nakuomba, nami sina haki ya kukuomba hata hilo. Nakujua. Nitakapoanza kusema mbele ya watu wale, nitakwama, na wewe utaona nakwama, na utataka kunisaidia. Utasema, basi, yaya, imetosha, wamesikia. Usiseme hivyo. Kaa kimya, hata nikichelewa, hata watu wakianza kuangaliana. Uniache nimalize.

Princesse anakukumbatia, maneno hayo ameniambia akiangalia ukuta, lakini ni ya kweli. Tantine Laure anakusalimu na anasema atakupigia mwenyewe, umpe nafasi. Mungu awalinde wewe na Muteba, mvua iwafikie kwa wakati, mihogo ikubali, na wakwe zako wakutazame tena kwa macho ya kwanza.

Ni mimi, kaka yako, nisiyestahili kuitwa yaya mpaka utakaponiita tena,

Mpoyi